Saa 72 za Kolwezi: nani anamtibu aliyebakwa pasipo na vita

Mfuko wa serikali ya Kongo wa kuwafidia waliobakwa vitani, FONAREV, hupata asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Sehemu kubwa ya mrabaha huo hutoka mkoa wa Lualaba na kwa jirani yake Haut-Katanga, maana huko ndiko shaba na kobalti zinakochimbwa. Sheria namba 22/065 ya tarehe 26 Desemba 2022, iliyoweka msingi wa fidia hiyo, inawataja waathirika wa ukatili wa kingono unaohusiana na mapigano, pamoja na waathirika wa makosa dhidi ya amani na usalama wa binadamu. Mama aliyevamiwa jioni akitoka kuosha mawe ya madini Kapata, mjini Kolwezi, hayumo. Binti aliyebakwa na mpangaji mwenzao katika mtaa wa Kasulo naye hayumo. Kolwezi hakuna vita. Shaba ya Lualaba inagharimia majeraha ya Bunia na Bukavu, huko mashariki kwenye vita, na majeraha yanayotokea hatua chache kutoka shimoni hayana fungu.

Sisemi Kivu ipunguziwe hata senti. Ninachosema ni kwamba huduma ya aliyebakwa nchini Kongo imejengwa kwa kufuata ramani ya vita, ilhali virusi, mimba na jeraha havisomi ramani. Vinafuata saa. Na saa za Kolwezi ni zile zile za Goma.

Sababu za macho yote kuelekea mashariki zinajulikana. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mjini Bukavu mwaka 1999, ndiyo iliyoifundisha dunia kwamba aliyebakwa anahitaji mambo manne mahali pamoja: matibabu ya mwili, tiba ya nafsi, wakili, na njia ya kurudi kujitegemea. Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2018 ikaupa mfumo huo sauti. Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, waliwahudumia waathirika 25,166 nchini Kongo mwaka 2023 peke yake, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa Kivu Kaskazini, wengi wao kwenye kambi za waliokimbia mapigano kuzunguka Goma. Panapowaka moto ndipo maji yanapopelekwa, na hilo halina ubishi.

Lakini hesabu za nchi nzima hazikubali kwamba ubakaji ni jambo la bunduki tu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2013-14 ulikuta asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono, na asilimia 16 walifanyiwa ndani ya miezi 12 kabla ya kuulizwa. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 2011, Amber Peterman na wenzake walichapisha katika jarida la American Journal of Public Health hesabu walizozitoa kwenye takwimu za 2007: wanawake zaidi ya 400,000 walikuwa wamebakwa ndani ya mwaka mmoja, na wanawake zaidi ya milioni 3 walikuwa wamewahi kulazimishwa kingono na mume au mwenzi wao. Idadi hiyo ya pili haikugusa vichwa vya habari kama ya kwanza. Haina mpiganaji wa kupiga picha.

Lualaba ilipata kuwa mkoa mwaka 2015, Katanga ya zamani ilipogawanywa, na Kolwezi ikawa makao makuu. Tangu hapo mji umefurika. Watu wanatoka Kasai, Haut-Lomami, Tanganyika na mbali zaidi kuja kutafuta mawe, kuuza chakula kwa wanaotafuta mawe, au kuendesha malori yanayobeba mawe. Kongo leo ni ya pili duniani kwa shaba nyuma ya Chile, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inatoka katika udongo huu. Utajiri wa namna hiyo huleta wanaume wengi wasio na familia karibu, pesa taslimu ya siku, walinzi wenye silaha, na wanawake wanaotegemea ruhusa ya mtu fulani ili wale siku hiyo.

Mwanamke kwa kawaida haruhusiwi kushuka shimoni. Wachimbaji wanaamini mawe hukimbia akishuka. Kazi inayobaki kwake ni kuokota, kupepeta, kuosha mawe mtoni au kwenye madimbwi, kubeba magunia na kupika. Kila mojawapo ina mwenye mamlaka juu yake: mwenye shimo, mlinzi wa lango, mnunuzi wa madini kwenye depo, polisi wa migodi. Katika mpangilio huo ukatili hauji kila mara kwa kisu. Mara nyingine ni sharti la kupata mawe ya kuosha kesho. Kuna pia ile imani ya migodini kwamba mwili wa msichana bikira hufungua bahati ya mawe. Imeripotiwa Katanga mara nyingi, na inawafikisha kwenye vituo vya afya watoto ambao hata kipimo cha dawa yao lazima kihesabiwe kwa kilo.

Askari nao hawakosi. Septemba 2023 shirika la Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la haki za binadamu la Kolwezi, walitoa ripoti juu ya watu waliohamishwa kwa nguvu kupisha migodi. Mlikuwa na kisa cha Mukumbi, makazi yaliyokuwa karibu na mgodi wa Mutoshi, ambayo wanajeshi waliyachoma Novemba 2016. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mimba ya miezi miwili alisimulia kwamba alikuwa akikusanya vitu vyake akimbie, wanajeshi watatu wakamkamata na kumbaka. Alipata matibabu, lakini kushtaki hakuthubutu. Kampuni ya Chemaf, yenye mgodi huo, ilikana kuhusika na uharibifu wa Mukumbi. Kwa uchambuzi huu ninachotaka kionekane ni hicho kimoja: alitibiwa bila kushtaki. Mlango wa dawa ulifunguka ingawa mlango wa mahakama ulikuwa umefungwa na hofu. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, na sivyo inavyokuwa kwa wengi.

Tuhesabu saa kwa mfano wa kubuni, ambao hata hivyo muuguzi yeyote wa ukanda wa shaba ataufahamu. Binti wa miaka 16 anauza mandazi jirani na depo. Anabakwa Ijumaa saa moja jioni na mtu anayemjua kwa sura. Anarudi nyumbani, anaoga, anafua nguo, analala. Jumamosi mchana mama yake anaona anavyotembea, anamhoji, anaambiwa. Jumamosi jioni baba anamwendea mkuu wa mtaa. Jumapili ni kanisa, na baada ya kanisa ni kikao: upande wa kijana umetuma mjomba, kuna bahasha, kuna ahadi ya ndoa. Hawaafikiani. Jumatatu asubuhi wanakwenda polisi. Anayeandika hayupo, atakuja saa tano. Anaandika, anawaambia wampeleke binti kwa daktari na karatasi hii, na karatasi inataka mhuri. Wanapanda pikipiki. Hospitalini daktari yuko chumba cha upasuaji. Ikifika Jumatatu saa moja jioni, saa 72 zimekwisha, na binti bado amekaa kwenye benchi, amezungukwa na watu ambao kila mmoja wao, kwa kipimo chake, amefanya jambo la maana.

Kilichopotea katika saa hizo ni dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi. Dawa hiyo, ambayo siku hizi mara nyingi ni kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir, humezwa kila siku kwa siku 28, na lazima ianze kabla ya saa 72 kwisha. Kuanza saa ya tatu ni bora kuliko saa ya sitini, kwa sababu virusi vikishajikita mwilini havitolewi tena. Wauguzi wanaiita kwa herufi zake za Kifaransa na Kiingereza kwa pamoja, kit PEP, na sanduku hilo likikosekana rafuni huduma yote hudhaniwa haipo.

Dhana hiyo ya mwisho ni kosa linaloumiza watu kila wiki. Anayefika siku ya nne huambiwa amechelewa, anarudi nyumbani. Amechelewa kwa jambo moja tu. Kidonge cha kuzuia mimba cha levonorgestrel, miligramu 1.5 kwa mara moja, hutolewa hadi saa 120, yaani siku tano, ingawa nguvu yake hupungua kadiri saa zinavyokwenda. Kitanzi cha shaba nacho huzuia mimba kikiwekwa ndani ya siku hizo tano, na ndicho chenye uhakika kuliko vidonge vyote (shaba ya Kolwezi inaweza kuwa inarudi nyumbani kwa njia hiyo, na hakuna anayeijua). Dawa za kisonono, klamidia na kaswende hazina saa 72. Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa hata baada ya hapo, ya pepopunda pia. Majeraha hushonwa, na tundu kati ya kibofu na uke, fistula, linaweza kutibika miezi baadaye. Na mtu wa kumsikiliza binti bila kumhukumu hana tarehe ya kumalizika muda.

Hata huduma ya nguo ina ufundi wake. Nguo za tukio huwekwa kila moja peke yake katika bahasha ya karatasi, si katika mfuko wa nailoni, kwa sababu nailoni hufungia unyevu na unyevu huozesha ushahidi. Na daktari anayeandika anatakiwa aandike anachokiona: michubuko iko wapi, ina ukubwa gani, rangi gani, na binti amesema nini kwa maneno yake mwenyewe. Badala yake, vyeti vingi hukimbilia bikira. Imevunjika, haijavunjika. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na UN Women na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa yalisema wazi kwamba kipimo cha bikira hakina msingi wa kisayansi na kiachwe. Wengi waliobakwa hawana jeraha lolote la kuonekana. Cheti kinachosema hakuna jeraha, bila kuongeza kwamba kukosekana kwa jeraha hakuthibitishi lolote, humpa wakili wa mshtakiwa silaha aliyokuwa hana.

Na hapo tumefika kwenye karatasi. Sheria za Kongo kwa upande huu ni nzuri kuliko sifa yake. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006, namba 06/018 na 06/019, zilipanua maana ya ubakaji hadi kuwajumuisha wanaume na wavulana, zikaweka kifungo cha miaka 5 hadi 20, zikataka uchunguzi umalizike ndani ya mwezi mmoja na hukumu itoke ndani ya miezi mitatu, na zikazuia kesi kumalizwa kwa faini. Yule binti wa mandazi, akiwa chini ya miaka 18, hata suala la kukubali au kutokubali haliulizwi. Sheria inataka pia mwendesha mashtaka au hakimu amwite daktari na mwanasaikolojia bila kusubiri kuombwa, waangalie hali ya mwathirika na waseme anahitaji matibabu gani.

Kifungu hicho kiliandikwa kwa nia njema, lakini kwa namna kinavyotumiwa, kimegeuzwa kichwa chini miguu juu. Barua ya kumwita daktari, réquisition kama inavyoitwa, imekuwa tiketi ya kuingilia: polisi kwanza, dawa baadaye. Sheria haisemi hivyo popote. Watanzania wanaufahamu ugonjwa huu kwa jina la PF3, fomu ya polisi ambayo majeruhi kwa miaka mingi ametakiwa kuwa nayo mkononi kabla ya kushikwa na daktari. Kenya ina P3 yake. Ni urithi wa kiserikali unaofanana mahali pengi: mwili wa raia huonekana kwanza kama ushahidi, kisha kama mgonjwa.

Lualaba ina tatizo la ziada, nalo ni nani atie sahihi. Mkoa umegawanywa katika zoni za afya 14, kuanzia Dilala na Manika zinazobeba mji wa Kolwezi, Fungurume na Lubudi upande wa mashariki, hadi Dilolo mpakani mwa Angola na Kapanga kaskazini kabisa. Katika kila zoni kuna hospitali ya rufaa, na chini yake vituo vya afya vinavyoongozwa na muuguzi. Cheti kinachotakiwa mahakamani ni cha daktari. Madaktari wako hospitalini, waliobakwa wako kwenye maeneo ya vituo. Kutoka Kolwezi hadi Dilolo ni zaidi ya kilomita 400, na barabara ya huko haiaminiki wakati wa masika. Anayeishi katikati ya safari hiyo, muuguzi wake ndiye daktari, ndiye mwanasaikolojia, ndiye kila kitu, ila sahihi yake haina uzito mbele ya hakimu. Na cheti, ambacho kinapaswa kuwa bure, mara nyingi hudaiwa pesa, chini ya meza au juu yake. Familia iliyotoa nauli ya pikipiki na ada ya cheti ikifika kwenye kikao cha bahasha, bahasha ile inaanza kuonekana kuwa na akili.

Kwa nini mji tajiri hivi una vituo hafifu hivi? Jibu moja liko kwenye historia ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Kwa miongo mingi matibabu ya Kolwezi yalifuata kitambulisho cha kazi: mfanyakazi wa kampuni, mkewe na watoto wake walikuwa na hospitali, shule na mgao wa unga. Asiyekuwa kwenye daftari alijitegemea. Kampuni ikaanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango uliosimamiwa na Benki ya Dunia, wengi wao wakaingia kuchimba kwa mikono. Makampuni mapya yalipokuja na mashine zao yalileta zahanati zao pia, nzuri, ndani ya uzio. Daftari likabadilika jina, mantiki ikabaki. Mama anayeosha mawe nje ya uzio hayumo kwenye daftari la mtu yeyote. Wapo wanaojaribu kuziba pengo. Masista wa Bon Pasteur, kwa mfano, wamefanya kazi na wanawake na watoto wa jamii za wachimbaji Kolwezi tangu 2012. Ila sista hawezi kuwa hazina ya taifa.

Dawa yenyewe ilikuwa ikitoka Washington. Mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR, ulichagua mikoa mitatu tu ya Kongo kuwa kitovu chake: Kinshasa, Haut-Katanga na Lualaba. Lualaba ilikuwa pia kati ya mikoa tisa ya mradi mkubwa wa afya wa USAID, PROSANI, ambao ulikuwa na sehemu ya huduma kwa waathirika wa ukatili wa kijinsia. Yaani kwa hesabu hii ya dawa za Ukimwi, Kolwezi ilikuwa na bahati kuliko mikoa mingi. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ikasimamisha misaada, baadaye ikaivunja USAID. Aliyeegemea ukuta mmoja huanguka kwa kishindo zaidi. Sitaki kulaumu wafadhili kwa kuondoka kuliko ninavyowalaumu wenye nyumba kwa kutojenga: nchi inayouza nje shaba zaidi ya tani milioni 3 kwa mwaka ilikuwa ikisubiri vidonge vya siku 28 kutoka kwa mlipa kodi wa ng'ambo.

Juu ya siku hizo 28 kuna la kusema. Dawa huleta kichefuchefu. Humezwa kila siku mbele ya watu wa nyumba moja, na kopo lake linafanana na kopo la mtu aliyeambukizwa, hivyo mume akilikuta swali la kwanza si zuri. Zaidi ya hayo, watu wa migodini wanahama: mawe yakikatika Kasulo, wanakwenda Fungurume au Kawama. Anayepewa dawa ya wiki moja na kuambiwa arudi, aghalabu harudi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri dozi nzima ya siku 28 itolewe siku ya kwanza, na majibu ya kipimo cha kwanza yasicheleweshe kidonge cha kwanza. Julai 2024 shirika hilo lilikwenda mbele zaidi: dawa ya kinga itolewe pia nje ya hospitali, kwa mikono ya wafamasia na wahudumu wa afya wa jamii. Kwa Lualaba pendekezo hilo lina maana kuliko jengo lolote. Mhudumu wa jamii anayejua njia za madimbwi ya kuoshea mawe anaweza kumfikia mama saa ya sita. Hospitali, kwa uzuri wake wote, humngojea saa ya sabini.

Nasema hivyo nikijua mvuto wa kituo kimoja chenye kila huduma. Nairobi kilianza katika Hospitali ya Wanawake mwaka 2001, Kigali kikaja Isange mwaka 2009, Zanzibar ikafungua chake Mnazi Mmoja mwaka 2011, na Panzi ndiyo mama yao kwa umaarufu. Vimeokoa watu. Lakini vinafanya kazi vizuri mahali ambapo aliyebakwa anaweza kufika na kujificha katika umati. Kwenye mtaa wa Kolwezi ambako kila mtu anajua nani kaingia mlango gani, mlango maalumu wa waliobakwa ni tangazo. Heri muuguzi yuleyule wa malaria na uzazi, chumba kilekile, na kabati lenye dawa alilo na ufunguo wake usiku na Jumapili. Kituo kikubwa kiwepo mjini kwa upasuaji, kwa watoto wadogo, kwa ushahidi mgumu. Kisiwe sharti.

Muuguzi huyo lakini afundishwe kuuliza. Machi 2024 mashirika ya RAID na AFREWATCH yalichapisha ripoti kuhusu maji yaliyochafuliwa kuzunguka migodi mikubwa ya Kolwezi, ambamo zaidi ya nusu ya waliohojiwa walisema uchafuzi huo unaathiri afya ya uzazi ya wanawake na wasichana. Wanawake wanakaa majini hadi kiunoni siku nzima. Wanakuja na uchafu ukeni, maumivu ya nyonga, mimba zilizoharibika. Muuguzi anayeona wagonjwa kumi wa namna hiyo kwa siku huandika maambukizi, anatoa vidonge, anamwita anayefuata. Wa kumi na moja hakuumizwa na maji. Naye hatasema asipoulizwa, kwa faragha, kwa sauti isiyo ya karani.

Suala la mimba limefunikwa na ukimya mzito zaidi. Kongo iliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2008, na kifungu chake cha 14 kinaruhusu mimba itokanayo na ubakaji itolewe kitabibu. Itifaki ilichapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali Machi 2018, na Aprili mwaka huohuo rais wa Baraza Kuu la Mahakama akawaagiza waendesha mashtaka wasiwafuate wanaotoa mimba kwa sababu zinazokubaliwa na itifaki. Wizara ya Afya ikatoa miongozo yake Desemba 2020. Kwenye karatasi, basi, binti wa miaka 16 mwenye mimba ya mbakaji ana njia halali. Nje ya karatasi, daktari mwenyewe anaogopa kanuni ya adhabu ya zamani, hospitali nyingi zimo mikononi mwa makanisa, na mtaani kuna dawa zisizojulikana na vijiti. Anayekataa kumpa binti kidonge cha siku tano kwa sababu za imani anapaswa kujua kwamba kwa kukataa anamsukuma kuelekea huko.

Kuhusu fedha, ndiko ninakoona uzembe usio na udhuru. Kanuni ya madini ya 2018 imegawa mrabaha: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa wilaya za mjini, sekta na himaya za kichifu ambako mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo kila kampuni hutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi, na husaini orodha ya ahadi na jamii hizo. Zinazopendwa kwenye orodha hizo ni shule, visima, na vituo vya afya kwa maana ya kuta na mabati. Jengo lina utepe wa kukatwa. Stoo yenye vidonge vya siku 28, vya watu wazima na vya watoto, levonorgestrel, sindano za ceftriaxone na chanjo ya homa ya ini, haina utepe, na kwa mapato ya mgodi mmoja wa Kolwezi ni chenji.

Kubadili sheria ya FONAREV ili imfikie aliyebakwa pasipo na vita kutachukua miaka na kutapingwa, pengine kwa haki, na wanaohofia mfuko kupasuliwa. Si lazima kusubiri. Meya wa Dilala na wa Manika wana sehemu yao ya zile asilimia 15, machifu wa upande wa Fungurume wana yao, na kamati zinazosimamia zile 0.3 zina viti vya wawakilishi wa jamii. Swali la kuwauliza kikaoni ni dogo, na linajibika kwa kufungua kabati: leo asubuhi, katika kila kituo kilicho karibu na machimbo, kuna dozi kamili ngapi, za watoto ngapi, zinakwisha muda lini, na nani ana ufunguo Jumapili usiku.